Kipimo Kilichobaki

9 Februari

Mwanangu Breki,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini ukifungua barua hii utasema shikamoo, basi nimeitikia kabisa tusipoteze muda. Hapa kwetu hatujambo. Cherehani kubwa imepata mkanda mpya na inakimbia vizuri. Baba yako mdogo amestaafu ualimu, na sasa amejipa kazi ya kuja hapa kila asubuhi kunifundisha kushona. Mkwe wangu hajambo? Na mjukuu wangu, meno ya mbele yameota?

Kubwa ni harusi. Mdogo wako ameposwa na yule fundi umeme niliyekuambia, kijana mpole, anatengeneza hata kisichoharibika. Siku imepangwa, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Nguo za familia nzima nashona mimi, na sitaki kusikia habari ya suti ya dukani. Suti ya dukani imeshonewa mtu ambaye hajazaliwa.

Kwa hiyo niletee vipimo. Vile vya zamani nimevitupa, maana nimeziona picha zako na tumbo nimeliona. Nataka shingo, mabega, kifua, tumbo (usilivute ndani), kiuno, mkono kutoka begani mpaka kifundo, urefu wa suruali, na presha ya macho, la kulia na la kushoto.

Usirudi kusoma, umesoma sawasawa. Ngoja nikueleze.

Siku fundi umeme alipokuja kujitambulisha, sebule ilijaa watu. Akanijia kwa upande wa kushoto, akanyoosha mkono kunisalimu. Mimi nikaendelea kuongea na baba yako mdogo. Kijana akabaki na mkono hewani mbele ya ukoo mzima, mpaka akaurudisha mfukoni mwenyewe. Aliondoka akijua amekataliwa. Mdogo wako alilia hadi akapata kwikwi, ananiuliza amekukosea nini, mama? Nami nauliza, nani? Sikumwona, Breki. Haki ya Mungu sikuuona ule mkono.

Ndipo mdogo wako akaanza kuyapanga pamoja. Mkasi unaonikimbia mezani kumbe uko pale pale kushoto. Bega langu lenye michubuko ya fremu ya mlango. Akanivuta hadi hospitali ya macho. Nilikwenda na sindano na uzi kwenye mkoba, kwa sababu unajua kwetu kipimo cha macho ni sindano, anayetunga uzi mara ya kwanza haumwi macho. Nikatunga mbele ya daktari, binti mdogo, mara moja tu. Akapiga makofi, alinifurahia kwelikweli. Halafu akasema, "Mama, sasa nitazame puani, uniambie ukiona kidole changu kinakuja kwa pembeni." Nikamtazama pua. Nikangoja. Nikamwambia, "Daktari, lete basi hicho kidole." Akajibu kwa upole, "Kipo hapa muda mrefu, mama."

Wakanikalisha kwenye mashine. Unatazama nukta ya katikati, ukiona taa ndogo pembeni unabonyeza kitufe. Nikakaa na kitufe changu mpaka nikachoka, nikawaambia mashine yenu mbovu, taa haziwaki. Waliangaliana, Breki, na mimi nikaelewa. Taa zilikuwa zinawaka.

Inaitwa glakoma, mara nyingi ni presha ndani ya jicho inayoua mshipa wa kuonea. Jicho la kushoto limebaki na tundu dogo katikati, kama unachungulia kwenye bomba. La kulia limeumia kidogo. Lililopotea halirudi, si kwa dawa, si kwa kisu, si kwa miwani. Natia matone kila jioni ili kilichobaki kibaki. Na daktari amesema inatembea ndani ya ukoo, kila mwenye damu yetu akapimwe hata kama anaona vizuri, na hasa akiwa anaona vizuri. Ndiyo maana kipimo hicho nimekiweka kwenye vipimo vya nguo. Asiyekileta hashonewi.

Fundi umeme nimemsalimia kwa mikono miwili, na nimempikia.

Shangazi yako


4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, ingawa umeshaitikia. Hapa hatujambo. Mjukuu wako meno yameota mawili na yote anayatumia kuning'ata mimi. Mke wangu anakusalimu sana, ndiye aliyenipima kwa futi, na alipofika tumboni alicheka hadi futi ikamdondoka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeisoma kwenye foleni ya mzani, nimeisoma nikingoja kupakua saruji. Shangazi, wewe ni mtu wa ajabu. Mwingine angeambiwa habari kama hiyo angelala kitandani akaukabili ukuta. Wewe umetoka hospitali ukaenda kumpikia mkwe. Naukumbuka ule mkono wako wa kukata kitambaa, ulivyokuwa unapita bila kuchora chaki, sisi watoto tumekaa chini ya meza tunaokota vipande. Niliwahi kuwaambia madereva wenzangu kwamba shangazi yangu anapima mtu kwa kumtazama tu akiingia mlangoni. Walibisha. Wajinga hao.

Vipimo hivi hapa. Shingo kumi na sita. Mabega kumi na tisa. Kifua arobaini na mbili. Tumbo tusizungumze, mke wangu ameliandika kwenye karatasi ya pembeni. Kiuno thelathini na nane. Mkono ishirini na tano. Suruali arobaini na mbili.

Naona hongera za harusi zimechelewa, lakini ni za moyo. Mwambie mdogo wangu fundi umeme anafaa, mtu aliyeachwa na mkono hewani akarudi tena ni mtu wa kuaminika.

Kazini salama. Lori limepata mkwaruzo mdogo ubavuni, hapa getini kwetu. Hilo geti limewekwa vibaya, kila mtu analilalamikia.

Mwanao, Breki


23 Machi

Mwanangu,

Marahaba tena. Sisi wazima. Mvua imeanza na paa la karakana linavuja mahali pale pale, juu ya kichwa cha baba yako mdogo, naye hahami, anasema kiti ni chake.

Vipimo nimevipokea. Vimekuja saba. Niliomba vinane.

Unashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu unanidanganya haraka na kukata. Kwenye barua inabidi uukalie uongo wako, uufikirie, uununulie na stempu.

Wenzako wote wameleta. Baba yako mdogo alibisha siku tatu, "Mimi nasoma gazeti bila miwani!" Nikamwambia hata mimi nasoma. Nikamketisha, nikamwambia anitazame pua, nikampitishia kidole pembeni kama yule binti alivyonifanyia. Alikiona vizuri, akazidi kiburi. Lakini nikamwambia kidole cha fundi cherehani si hospitali, kinakamata ugonjwa uliokwisha kula, na sisi tunautaka kabla haujaanza kula. Akaenda. Wamempima presha ya jicho, wamemmulika na taa hadi kwenye mshipa ule wa kuonea, nyuma ya jicho, maana wako watu ambao presha yao ni ya kawaida na mshipa unakufa hivyo hivyo. Yuko salama. Sasa anatembea na karatasi ya majibu mfukoni na kuionyesha watu kama cheti. Kisha akanionea wivu wa matone, akaniomba aonje tone moja "kwa kinga." Nikamfukuza. Dawa ya mtu ni ya mtu.

Mdogo wako naye salama, ila atapimwa kila mwaka, kwa kuwa ni mtoto wangu.

Unanisifu kwa sababu sikulala. Nililala, Breki. Nililala siku mbili. Siku ya tatu alikuja mteja kuchukua gauni la mtoto, na kitufe kimoja kilikuwa bado, nikaamka. Tangu hapo nimeipanga karakana upya. Meza ya kukatia nimeisogeza ukutani upande wa kushoto, ili kusiwe na kitu cha kunijia kutoka huko. Pasi iko kulia. Mkasi nimeufunga kamba kiunoni, sasa ukinikimbia unarudi. Nimejifunza kugeuza kichwa kama kuku. Wateja wanadhani nimekuwa mdadisi.

Sasa nisikilize kuhusu marehemu kaka yangu, baba yako. Unakumbuka alivyokuwa kwenye kile kibanda chake cha saa. Lenzi jichoni, anafungua saa ndogo ya mkononi, skurubu zake kama punje za mchanga, hakuna aliyemfikia. Lakini ukiingia kwa pembeni ukamsalimu, kimya. Ukipita naye njiani, anakupita. Watu wakasema fundi saa siku hizi ana maringo. Sisi nyumbani tukamtania, mheshimiwa hatuoni. Mwishoni alipokuwa anapapasa kuta tukasema uzee. Uzee gani, mtu ambaye hakuwa hata na mvi za kutosha? Nilipokuwa kwenye ile mashine nangoja taa ziwake, ndiye niliyemkumbuka. Alikuwa hatuoni kweli.

Wewe ni mtoto wa yule. Una miaka arobaini na unaendesha tani thelathini za chuma barabarani. Na unaniambia habari za geti.

Shangazi yako, nangoja namba mbili


11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Tulipelekwa safari ndefu ya kupeleka mitambo, na nilipofika nyumbani mjukuu wako alikuwa na homa, sasa amepona, anatambaa nyumba nzima.

Habari ya baba ilinikaa kifuani. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula kibandani, na nilikuwa nakohoa mlangoni ili ajue nimefika. Nilidhani ndiyo adabu ya kuingia kwa fundi saa. Nimemweleza mke wangu pia.

Kuhusu macho yangu, usiwe na wasiwasi. Namba ya gari lililo mbali mbele yangu naisoma kabla wenzangu hawajajua hata ni gari gani. Usiku naendesha bila shida. Muda ndio sina. Kliniki inafunguliwa wakati mimi niko barabarani, na inafungwa kabla sijarudi. Na kuna jambo jingine, kampuni yetu ina tabia yake. Kulikuwa na dereva mwenzetu tukimwita Babu Gia, alienda kupima mwenyewe kwa hiari yake, akarudi na karatasi. Leo anafagia ghala. Sisemi zaidi.

Nishonee tu, Shangazi, harusi ni ya mdogo wangu, sitasimama pale na shati la kazini. Kile kipimo cha nane nitakileta nikija.

Nakuvulia kofia kwa ule mkasi wa kiunoni. Niliwasimulia wenzangu, hakuna aliyecheka, wote walisema huyo mama ni jeshi.

Breki


30 Mei

Breki,

Sikio la kufa halisikii dawa. Basi.

Pokea koti lako, nimempa mwenye basi alilete. Suruali itafuata. Livae mbele ya kioo, kisha niandikie limekukaaje.

Shangazi


17 Juni

Shangazi yangu mpendwa sana,

Shikamoo, shikamoo tena. Sisi wazima kabisa. Je, wewe? Niambie ukweli, unaendeleaje? Matone unatia? Anakusaidia nani kukagua kazi kabla haijatoka? Mdogo wangu yupo jioni, au yuko kwenye mambo ya harusi tu?

Koti limefika. Ni zuri mno. Kola imelala kama nimezaliwa nayo, bitana ya ndani rangi ya zambarau ndiyo ile niliyoipenda tangu utoto, sijui uliwezaje kukumbuka. Mshono wa mgongoni hata fundi wa wafalme hashoni vile. Limenikaa vizuri sana. Kila mahali. Sina la kurekebisha hata moja, na tafadhali usijisumbue nalo tena.

Nataka nikuambie neno ambalo sijawahi kukuambia. Mimi nimelelewa na mikono yako. Sare yangu ya kwanza ya shule ulinishonea wewe, ukaacha pindo refu la kukulia. Ukishona kitu, kwangu kimekamilika, hata kikiwa vipi.

Punguza kazi, Shangazi. Nguo nyingine wape mafundi wengine, hakuna atakayekulaumu.

Halafu kesho nimeomba ruhusa. Nakwenda kule hospitali ya macho. Usiniulize kwa nini nimebadili mawazo.

Mwanao akupendaye


26 Juni

Mwanangu,

Nimecheka hadi mdogo wako akatoka ndani kunitazama. Kisha nikalia kidogo. Kisha nikamsomea baba yako mdogo barua yako, naye akalia zaidi yangu, akasingizia paa linavuja.

Limekukaa vizuri "kila mahali"? Breki, koti lina mkono mmoja! Limekukaaje vizuri, ulilivaa ukiwa umejificha nusu nyuma ya mlango?

Mkono wa kulia uko hapa. Umening'inia kwenye msumari juu ya cherehani, umepigwa pasi, una vifungo vyake vitatu, naupungia kila asubuhi nikifungua karakana. Sikuusahau na sikukosa kuuona. Mtu ambaye ameshona miaka yote hii atume koti bila mkono kwa bahati mbaya? Kipofu wa pande zote mbili angepapasa akajua. Nilikuwekea deni mwilini, nikasema atavaa, atatukana, ataandika kwa hasira, "Mkono wangu uko wapi?" Nami nilishaandaa jibu, "Namba zangu ziko wapi?" Nililitunga wiki nzima, tamu kama nini, umeniharibia.

Kumbe umekaa kitandani unanionea huruma. Umenisifia koti bovu ili nisijue kuwa nimepofuka. Wewe mtoto! Umenidanganya vibaya na kwa mapenzi, na sijui nikuchape au nikukumbatie. Vyote viwili, Agosti.

Lakini sikia. Hospitali ulikwenda? Barua yako imeishia mlangoni. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huu ugonjwa unajificha wenyewe, mgonjwa hana hata la kuficha, na hapo ndipo ubaya wake. Haumi, hauwashi, hauleti ukungu. Jicho lenye afya linamfichia mwenzake, na ubongo unajaza pengo kwa kukisia. Ndiyo maana unaisoma namba ya gari la mbali ukadhani umefaulu. Mimi niliishi nao bila kujua, nikitunga uzi mara moja kila asubuhi kwa majivuno. Ningepimwa nilipokuwa na umri wako, leo ningekuwa na kushoto.

Niandikie. Hata kama ni mabaya. Hasa kama ni mabaya.

Shangazi yako mwenye mkono wako


13 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Mke wangu amesoma barua yako kwa sauti, na pale pa mlango alinitazama, kwa sababu ni kweli, nilivaa mbele ya kioo nimesimama kiubavu.

Nitakueleza lilivyokuwa. Nililitandaza kitandani, kifua juu. Mkono uliokosekana ukawa upande wa kushoto wa anayetazama. Kushoto kwako, Shangazi, kule kule ulikosema kumekwisha. Nikakuona mezani, unashona, unageuza, unakunja, unafurahi umemaliza, na ule upande haupo. Nililia kama mtoto. Nikasema kama yeye ambaye macho yake ni riziki yake ameweza kukaa mbele ya ile mashine akaambiwa, mimi ninaogopa nini? Ufagio wa ghala? Kumbe wewe ulikuwa umeuning'iniza kwenye msumari unaupungia mkono. Huna huruma. Sijawahi kukuheshimu kama ninavyokuheshimu leo.

Nilikwenda. Na nikuambie ambalo sikukuambia. Mwezi wa nne nilifika pale pale, nikaona watu wamekaa wakiwa na bandeji, nikageuza kurudi. Nilikuandikia kuwa kliniki hufungwa kabla sijarudi. Haikuwa imefungwa.

Safari hii nilikaa. Daktari wangu ni mzee anayeimbaimba akifanya kazi. Akanitia matone ya ganzi, akagusisha kifaa kidogo jichoni, hakiumi. Akaacha kuimba. Akapima tena. Kulia ishirini na saba, kushoto ishirini na tisa. Alinieleza kuwa ishirini na moja ndio ukingo wa kawaida. Akamulika ndani, akaniambia mshipa wa kushoto umeanza kumong'onyoka kwenye ukingo wake. Kisha ile mashine yako. Nilibonyeza kitufe, nikabonyeza, nikabonyeza. Karatasi ilipotoka, kulia kweupe kote. Kushoto kuna doa moja dogo juu, ambalo sikuwahi kulijua na wala silioni hata nikilitafuta.

Nikamuuliza, "Kazi yangu?" Akasema, "Kwa doa hili unaendesha. Ungekuja baada ya miaka kumi, ningekuambia uombe ufagio." Sikumwambia habari ya Babu Gia, alilisema mwenyewe. Ninatia tone moja kila jioni, macho yote mawili. Mke wangu ndiye askari wa matone, hakuna kulala bila kukaguliwa. Narudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Karatasi nimempelekea bosi mwenyewe. Ameisoma, akaniuliza hospitali iko mtaa gani, kwa sababu naye mama yake alikuwa anapapasa kuta.

Nilimuuliza daktari kuhusu geti pia. Amesema doa langu haliwezi kugonga geti. Kwa hiyo geti bado nalilaumu.

Namba zako mbili hizo, Shangazi. Kipimo cha nane kimetimia. Naomba mkono wangu.

Breki


22 Julai

Mwanangu Breki,

Marahaba. Marahaba kabisa.

Nimesoma barua yako nimesimama. Nikakaa. Nikamwita mdogo wako, nikamwambia tumewahi. Nimezirudia zile namba mpaka baba yako mdogo akazikariri, anazitaja kwa wateja, nimemkataza. Kaka yangu angekuwa hai ningempelekea ile karatasi yenye kulia kweupe, ningeiweka mbele kabisa, katikati, mahali alipokuwa anaona.

Unasema unaniheshimu. Sikia yangu. Mimi nilipelekwa hospitali navutwa mkono na mtoto wangu, huku nabisha, na sindano mkobani. Wewe ulirudi kwa miguu yako kwenye mlango uliokuwa umeukimbia, ukidhani unaweza kutoka pale bila kazi, na karatasi ukampelekea bosi mwenyewe. Baba yako alikuwa hivyo, akiona saa ina kasoro haachi. Najivunia wewe kuliko koti lolote nililolishona.

Mjukuu wangu akikua naye apimwe. Mwandike kwenye kichwa chako sasa hivi.

Mkono siutumi. Hapana, usinune. Bega linashonewa juu ya mtu, ukija nitakusimamisha juu ya kile kigoda chako cha utotoni na kuupachika ukiwa umevaa. Tena nina shida nawe, na ndiyo hasa niliyokuwa naishonea tangu Februari.

Siku ile watu watakuwa wengi. Watanijia kutoka kila upande kunipa hongera. Kila siku anayekaa kushoto kwangu ni mdogo wako, ndiye huninong'oneza nani anakuja. Siku hiyo atakuwa na wa kwake wa kumshika. Nataka wewe usimame pale. Kila anayenyoosha mkono kwa upande ule uniambie ni nani, nimgeukie, nimsalimie mimi kwanza kwa jina, asirudishe mkono mfukoni kama fundi umeme, asiondoke akisema mama wa bibi harusi ana maringo. Nafasi hiyo nisingeweza kumpa mtu ambaye naye hajui anachokosa kukiona.

Ukisimama kushoto kwangu, nitakaoushika ni mkono wako wa kulia. Ndiyo maana nilizuia huo.

Njoo siku mbili kabla. Mkono wa koti ninao mimi. Wewe lete wako.

Shangazi yako